Tumbo la Godauni

Uliiona ile alama ya X ukageuza shingo. Usikatae. Ilikuwa nyekundu, kubwa kama mlango, imepakwa kwenye ukuta wa godauni la Nyavuni upande unaotazama ziwa. Wewe ulipita pale asubuhi na sato wako kwenye kikapu, ukaisoma kama unavyosoma tangazo la mganga, ukaendelea na safari. Ukajisemea hayo ni mambo ya wakubwa, bila shaka wataalamu wamepima. Walipima, ndiyo. Sasa kaa kitako uelezwe walivyopima, maana ni kichekesho, na kichekesho hicho nusura kituachie kifusi.

Godauni lenyewe wenye kumbukumbu wanalijua. Lilijengwa mwaka hamsini na sita na wakulima wa pamba waliochoka kuona mazao yao yakilowa mvua huku yakisubiri mzani wa mtu mwingine. Kila kaya ilileta mawe yake, mawe haya haya ya Mwanza, na fundi mkuu alikuwa mzee Mbaruku, mwashi wa mjini. Mzee huyo alikuwa akisema kwamba ukuta ni kama ushahidi mbele ya kadhi, ukipinda mahali pamoja umepinda wote. Pamba ikaja ikaondoka. Wakubwa wakaja wakapiga hotuba wakaondoka. Mwaka themanini na tatu godauni lilikuwa la popo tu, ndipo akina mama wa nyavu walipoingia na mafagio. Hakuna aliyewagawia. Leo ni hamsini na wawili, wanakaa mle kwenye kivuli na upepo wa ziwa wakiziba nyavu zilizoraruka, na nyavu hizo ndizo zinazokulisha wewe mwenye kikapu.

Raya alikuwa mjukuu wa mle ndani. Bibi yake, Bi Sada, ni binti wa yule yule mzee Mbaruku. Siku godauni linajengwa alikuwa mtoto wa miaka sita anayebeba kokoto kwa kibakuli. Bi Sada alimlea Raya kwa sindano ya nyavu, na Raya alijifunza kusimama kwa kushika ukuta ule wa ziwa. Lakini mtu akikua hupata shughuli. Akiwa na miaka ishirini na saba Raya alikuwa na meza yake ghorofani Buzuruga, juu ya duka la vipuri, dirisha likitazama stendi, kwenye ofisi ndogo ya upimaji ya bwana mmoja aitwaye Nathaniel. Nyumbani Nyavuni alikuwa akituma salamu.

Kazi yake ni ya siku hizi, ila si ngumu kuieleza. Kuna mashine ya leza inayosimama juu ya miguu mitatu. Kichwa chake kinazunguka na kurusha mwanga. Mwanga unagonga kitu unarudi, na kila ukirudi mashine inaandika nukta moja: hapa pana kitu. Nukta zinajaa kwa mamilioni mpaka zinafanya wingu lenye sura ya jengo. Lakini wingu si jengo. Lazima mtu akae alikodolee macho, aseme hizi ni ukuta, hizi ni dirisha, hizi ni paa, kisha achore juu yake mfano wa pande tatu ambao mhandisi anaweza kuuzungusha na kuupima kama mtu anayechagua papai sokoni. Mtu huyo alikuwa Raya. Hakusomea popote. Alijifunza kwenye video za simu, bando likiisha anahamia kibarazani kwa jirani mwenye waifai, na baada ya miaka mitatu wenye vyeti walikuwa wanampigia wao kuuliza.

Basi ukaja Mradi wa Ufukwe Mpya. Waliutaka ufukwe uwe mzuri, wakataka kujua majengo gani ya kale ni salama na yapi yaondoke. Nathaniel akapewa kazi ya kupima. Alikwenda Nyavuni mwenyewe na mashine, akarudi, akamwachia Raya wingu la nukta mezani. Raya alipolifungua alifurahi kama aliyeletewa picha ya ndugu. Furaha haikumaliza dakika. Ukuta wa ziwa ulikuwa umetoka tumbo. Kuanzia mwisho hadi mwisho, juu umenyooka, chini umenyooka, katikati umevimba sentimita thelathini na nane. Ukuta wa mawe ukivimba hivyo, unasubiri siku tu.

Aliumia, lakini alichora alichokiona. Kutoka Buzuruga hadi Nyavuni ni mwendo wa nusu saa, na hakunyanyuka kwenda. Alikuwa na majengo mengine yanayomsubiri, tena alikuwa amezoea kusema kwamba nukta hazina undugu na mtu. Naye aligeuza shingo, tusimpambe. Taarifa ikasainiwa, ikapanda kwa kamati ya mradi, ikashuka ikiwa rangi nyekundu. Tingatinga lingekuja Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Jumanne ya wiki hiyo ndipo Raya alipoteremka Nyavuni, moyo umemjaa maneno ya pole. Alitarajia kilio. Alikuta akina mama wameketi chini ya ile X wakiziba nyavu na kusimuliana habari za harusi ya Nansio. Akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," akajibu Bi Sada bila kuinua macho kwenye sindano. "Umekumbuka njia? Au mume wetu, babu yako, ndiye aliyekutuma kutoka kaburini kwake?"

Wenzake wakacheka. Kisha Bi Sada akamuuliza kama zile picha zilitoka vizuri, na kama godauni lilipendeza. Raya, akili ikiwa kwenye tingatinga, akajibu kwamba zilitoka. Akaanza kueleza habari ya tumbo la ukuta, kwa upole, kama daktari anayezunguka kabla ya kutaja ugonjwa. Bi Sada alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka sindano chini, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

Ilikuwa timazi ya mzee Mbaruku: kipande cha shaba chenye umbo la karoti, kimening'inia kwenye uzi. Ukiuning'iniza uzi huo kando ya ukuta, wenyewe unakwenda wima bila kumwogopa mtu. Akaagiza ngazi. Raya akapanda, akafunga uzi kwenye upenu, shaba ikateremka ikitikisika, ikatulia. Kutoka uzi hadi ukuta, juu, palipita kidole kimoja. Akashuka katikati, pale penye tumbo. Kidole kimoja. Chini, kidole kimoja.

Akahamisha ngazi. Akapima mahali pa pili, pa tatu, pa tano. Akina mama wakaacha nyavu wakawa wanahesabu pamoja naye kwa sauti, kama watu wanaohesabu magoli: kidole, kidole, kidole. Mahali pa kumi na moja Raya alikaa juu ya ngazi akashindwa kushuka.

Mwenyekiti wao, Mama Kashindye, mwanamke mwenye mabega ya mvuta nyavu za makokoro na ulimi wa kufaa mabega hayo, akamtazama kutoka chini.

"Sasa mayu, mama," akasema, "hilo tumbo mlilipata wapi? Au yenye mimba ni mashine yenu?"

Walicheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Raya naye alicheka, kicheko cha mtu anayetokwa na jasho, akaomba ruhusa ya kuondoka.

Ofisini alilifungua lile wingu upya. Safari hii hakulitazama likiwa limeunganishwa. Nathaniel alikuwa amesimamisha mashine mahali sita mbele ya ukuta ule, na Raya akazitenganisha nukta za kila mahali. Mashine ilipokuwa mahali pa kwanza, tumbo lilikuwa sentimita thelathini na nane. Mahali pa pili, dakika ishirini baadaye, lilikuwa ishirini na mbili. Mahali pa tatu, arobaini. Ukuta ulikuwa unapumua. Na programu, kwa kutii tu, ilikuwa imezilaza pumzi zote moja juu ya nyingine na kumpa yeye uvimbe mmoja mzito.

Kitu gani kinapumua kwa upepo wa ziwa? Angekuwa na rangi angejua mara moja, lakini Nathaniel alizima kamera ya rangi. Wingu lote lilikuja na kivuli kimoja cha buluu. Hata hivyo nukta ina siri nyingine. Mashine huandika pia mwanga umerudi na nguvu kiasi gani: kitu cheupe huurudisha mwingi, wino mweusi huunywa. Watu wa haraka hawaangalii hapo. Raya akabonyeza.

Ukuta ukachanua. Korosho, kubwa, zile korosho za kwenye kanga, safu kwa safu. Maua. Mipaka ya pindo. Akasogeza karibu, na katikati kabisa ya tumbo, kwenye sehemu aliyoiandikia kwa mkono wake mwenyewe kwamba ni hatari, palikuwa na mstari wa herufi nyeusi nzito: NIMETULIA KWANGU, WASIWASI NI WENU.

Alicheka mpaka mwenye duka la vipuri akagonga dari kwa ufagio. Ilikuwa kanga ya Mama Kashindye. Alikuwa akimwona nayo tangu utotoni.

Alimpigia bibi yake simu, na simulizi yote ikatoka. Siku moja kabla ya kupimwa, ofisi ilituma ujumbe kwamba kesho wanakuja kupiga picha jengo. Ndivyo walivyoandika, picha, kwa sababu waliona neno leza litawatisha akina mama. Na kwa watu wa Nyavuni picha si jambo la kushtukizana. Bibi harusi akitolewa nyumbani, hata ukuta wa nyumba huvishwa, kamera ikute heshima. Basi usiku ule hawakuwa na mjadala. Kila mmoja alileta kanga yake iliyo nzuri kuliko zote, wakazitundika upenuni kutoka mwisho hadi mwisho, pindo za chini wakazifunga mawe ili upepo usizichukue. Juu zimeshikwa, chini zimeshikwa, katikati upepo unajaza.

"Ulitaka tuliache uchi mbele ya wageni?" Bi Sada aliuliza, na kwenye sauti yake hapakuwa na utani hata chembe.

Na Nathaniel je? Nathaniel alifika, akaziona. Alilelewa vizuri yule bwana, ndiyo shida yake. Angewezaje kuwaambia bibi hamsini na wawili wavue walichokivika kwa ajili yake? Kabla hajapata maneno alikuwa ameshanawishwa mikono na sahani ya sato iko mbele yake. Tena alikuwa akiwahi meli ya Nansio kwa kazi nyingine. Akazima kamera ya rangi ili mashine iende haraka, akala, akashukuru, akaondoka, akasahau.

Raya alipomwonyesha, Nathaniel aliketi taratibu kama mtu aliyekalia moto mara moja maishani na hataki kurudia. Akasema ofisi ina jina. Akasema wataandika marekebisho, yatapita ngazi zake, mambo yatakwenda polepole.

"Na tingatinga nalo litakuja polepole?" Raya akauliza.

Akaambiwa tu kwamba Alhamisi kamati inakutana na wananchi hapo hapo godauni, kwamba ofisi itawakilishwa, na kwamba mwakilishi asiyetumwa kusema hasemi. Aliyeshika mshahara wake ndiye aliyesema hivyo, na Raya alimwelewa kila neno.

Alhamisi kamati ilifika ikiwa na kofia ngumu za njano. Mwenyekiti wake, mzee Machibya, mtu mnene mwenye adabu na suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, alikataa katakata kuketi ndani. Aliwekewa kiti juani, hatua ishirini kutoka ukutani, na kila upepo ulipovuma aliinua jicho kutazama mawe. Akina mama walikaa chini kabisa ya X, miguu wameinyoosha, wengine migongo wameiegemeza ukutani kwenyewe, wakimtazama akitokwa na jasho.

Akasoma taarifa. Sentimita thelathini na nane. Akasema inamuuma, mama yake mzazi aliuza pamba mle, ila hawezi kuona watu wakifukiwa. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Raya alisimama. Nathaniel alimtazama, naye hakumtazama. Asubuhi ile alikuwa amewaomba akina mama wamsaidie kitu kimoja, nao walikuwa wamekwenda kwenye kibanda umiza wanapoonyesha mpira, wakachukua ile televisheni kubwa wakaibeba kichwani kama jeneza la sultani. Sasa ilikuwa kivulini mlangoni, waya umetoka kwa fundi cherehani. Raya akaunganisha kompyuta yake.

"Ukuta uliosomewa hapa niliuchora mimi," akasema. "Na nilichokichora si ukuta."

Akaonyesha zile pumzi, moja baada ya moja. Mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu, tumbo linajaa linapungua. Mzee Machibya akasogeza kiti mbele. Raya akabonyeza, na mbele ya watu mia mbili korosho zikachanua kwenye televisheni. Kelele iliyotoka kwa akina mama hapo, hata timu ya taifa haijapigiwa. Kila mmoja alikuwa anaonyesha ya kwake kwa kidole: ile yangu, ile pale niliyopewa Bukoba, ile ya marehemu dada. Raya akasogeza picha mpaka herufi zikajaa kioo.

Mzee Machibya akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya kiserikali, polepole, kama alivyosoma taarifa:

"Nimetulia kwangu, wasiwasi ni wenu."

Kisha yule mzee akaanza kutikisika mabega. Akavua kofia ya njano, akauficha uso ndani yake, na sauti iliyotoka ndani ya kofia ilikuwa ya mtu anayecheka na kulia pamoja. Waliobaki walikwishaanguka kwa kicheko zamani.

Alipopata pumzi alikumbuka cheo chake. Akasema kanga haijawahi kuwa ushahidi wa uhandisi, ukuta upimwe upya, sasa hivi, mbele yake. Macho yote yakamgeukia Nathaniel. Hapo ndipo bwana yule alipoonyesha kwamba alilelewa vizuri kwelikweli. Alisimama akasema kosa ni lake. Yeye ndiye aliyeziona kanga na mdomo wake ulikuwa umejaa samaki. Akaenda kwenye gari akatoa mashine.

Hakuna aliyewahi kupimwa kwa heshima vile. Mashine ilizunguka kichwa, kamera ya rangi imewashwa, watu wamewekwa nyuma ya kamba. Mama Kashindye aliuliza kama naye avue aliyoivaa. Akaambiwa inatosha asipite mbele. Nathaniel akapima nje, na safari hii akapima na ndani. Raya aliketi mlangoni akiunganisha nukta, Bi Sada amesimama nyuma yake na timazi mkononi kama mwalimu na fimbo.

Ikapita saa moja na nusu. Raya akapitisha kwenye kompyuta bapa lililonyooka juu ya ukuta, akaiuliza programu ukuta umeliacha kwa kiasi gani mahali ulipopinda zaidi. Jibu likatokea, akalisoma mara mbili kabla ya kulitamka. Milimita kumi na nne. Kwa urefu wa mita arobaini, kwa mawe yaliyobebwa kichwani, kwa uzi na kipande cha shaba.

"Hizo kumi na nne," akasema Bi Sada, "ni za mwezi wa Ramadhani. Baba alikuwa amefunga."

Mzee Machibya akaenda mwenyewe mpaka ukutani. Akaweka kiganja. Akakaa nacho hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, labda kwa ajili ya mama yake. Kisha akaomba maji na brashi. Akina mama wakamnyang'anya. Wakaisugua X kwa mchanga wa ziwa na ukaidi wa miaka arobaini, huku wakiimba, huku ngoma ikitokea usiyojua imetoka wapi. Ilipobaki waridi hafifu Bi Sada akawazuia. Akasema iachwe hivyo hivyo, wajukuu waulize.

Raya hakufukuzwa kazi. Wiki iliyofuata alichora mfano mpya wa godauni, jiwe kwa jiwe, na zile kanga hakuzifuta. Aliziweka kwenye tabaka lake peke yake, akaliita Nguo, ili mtu akitaka alione jengo lilivyo, na akitaka alione lilivyopendwa. Siku hizi haandiki neno hatari juu ya ukuta ambao hajaugusa kwa mkono.

Lakini sikiliza, kabla hujapangusa machozi ya kicheko ukarudi kwenye kikapu chako. Kuna majengo mengine thelathini na moja kwenye taarifa ile ya ufukwe. Yalipimwa na watu wengine wenye haraka ile ile, bila rangi, bila kuingia ndani, na mengine yana X tayari. Mojawapo ni lako. Ni shule uliyosoma, ni zahanati ulimozaliwa, ni msikiti aliojenga babu yako, ni kanisa ulilofungia ndoa. Hakuna Raya wa kila ukuta. Basi inuka. Si kesho, si baada ya chai. Tafuta uzi, funga jiwe kama huna timazi, nenda ukauning'inize, weka kidole juu, katikati, chini. Kisha ingia kwenye ofisi iliyopaka ile rangi, useme uliyoyaona, na usitoke mpaka nao wamekuja kuweka kiganja.